Bastola Iliyopiga Hodi

Hodi ya kwanza ilipigwa Jumanne saa saba mchana, jua la Texas likiwa utosini na magari kule chini yakimeremeta hadi macho yanauma. Faraj alikuwa jikoni na singlendi yake, anakoroga chai.

"Hodi," mtu akasema mlangoni.

Ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima, ya taratibu, yenye ule mvuto wa mwishoni ambao mtu wa Mombasa huutambua hata katikati ya soko.

"Karibu," Faraj akajibu, akaendelea kukoroga.

Kisha kijiko kikasimama. Hodi? Hapa Irving? Miaka sita walikuwa wamekaa katika fleti hii ya ghorofa ya tatu, na kila aliyekuja alibonyeza kengele au aligonga kana kwamba anadai roho ya mtu. Aliyepiga hodi kwenye mlango huo alikuwa mmoja tu, binti yao Amna, kwa sababu mama yake alimkataza kuingia nyumbani kimya kimya kama paka. Na saa hiyo Amna alikuwa shuleni.

Akafungua mlango. Hapakuwa na mtu. Ngazi zilikuwa tupu mpaka chini. Kulikuwa na harufu tu, harufu ya chuma kilicholowa, na kwa mbali harufu ya udi, kana kwamba mtu aliyefukiza nguo zake amepita hapo sasa hivi.

Mtu mwenye akili timamu angefunga mlango akasoma Ayatul Kursiy. Faraj alifunga mlango akasema, "Itakuwa simu ya jirani," akarudi kwenye chai yake. Jirani mwenyewe ni Mkorea.

Juu ya kabati la chumbani mwake kulikuwa na kisanduku ambacho siku mbili nyuma hakikuwepo. Ndani yake mlikuwa na bastola.

Msimlaumu haraka. Faraj aliendesha basi dogo la kuwapeleka abiria kutoka uwanja wa ndege hadi kwenye magari ya kukodi. Aliingia kazini saa tisa alasiri, akatoka usiku. Mkewe, Mwatime, mzaliwa wa Kwale, alikuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee kule Carrollton, akiondoka alfajiri na kurudi saa moja jioni. Kwa hiyo Amna, msichana wa miaka kumi na mitatu, alitoka shule saa kumi na kukaa peke yake mpaka magharibi. Mwezi uliopita, katika jengo la ng'ambo ya maegesho, watu wawili walivunja mlango wa Truphosa, nesi Mkenya aliyekuwa amelala baada ya zamu ya usiku. Truphosa alijificha ndani ya kabati la nguo, akawasikiliza wakifungua droo zake moja moja. Tukio lenyewe lilikuwa la alasiri, watoto wanatoka shule.

Tangu siku hiyo, kila Faraj akikata kona na basi lake aliuona mlango wao umelala chini na Amna yuko ndani. Mapenzi ya baba yalimtia woga, na woga ukamtafutia bastola.

Heritier ndiye aliyeileta. Huyu ni Mkongomani wa Bukavu, dereva mwenzake, ambaye asubuhi huchomelea vyuma katika karakana moja. "Kaka, kaa nayo wiki moya," alimwambia. "Ukiipenda, tutasikilizana bei. Ukiikataa, unanirudishia, hakuna makelele."

Bei yenyewe ilikuwa ya kutupa. Ilikuwa bastola ya nusu otomatiki, ile ambayo ukivuta triga inatoka risasi moja, halafu inajipakia nyingine yenyewe. Ilikuwa nene, nzito, yenye sura mbaya, ya kampuni ambayo hakuna aliyeijua. Faraj aliangalia video za watu wanaoipima, na nusu yao waliisifu kwamba masikini naye anapata kujilinda, nusu wakaicheka. Mwatime hakuhitaji video.

"Baba Amna, hata sufuria sinunui ya bei hiyo," alisema. "Itatoboka."

"Si ya kupikia."

"Afadhali ingekuwa ya kupikia."

Jumatano asubuhi Faraj na Heritier wakaenda kuijaribu kwenye uwanja wa shabaha. Katika magazini ya kwanza ya risasi ilikwama mara mbili, ganda la risasi limesimama wima limebanwa kama kipande cha mfupa kooni. Mzee Mzungu wa kaunta akaigeuzageuza mkononi. "Hii ni nyundo yenye tundu," akasema. "Ikikubali siku utakayoihitaji, una bahati. Ikikataa, mtupie mwizi kichwani."

"Inataka kukuzoea tu," Heritier akasema upesi. Alionekana mtu mwenye haraka ya kuuza, na Faraj alidhani ni shida za kawaida.

Akarudi nyumbani akakiweka kisanduku juu ya kabati, akajilaza kitandani apumzike kabla ya kazi. Saa saba, hodi ikapigwa tena. Safari hii haikutoka nje. Ilitoka sebuleni.

"Hodi wenyewe," sauti ikasema, kwa heshima zote, kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu mlangoni na sasa anauliza kama anaweza kusogea. Faraj akakumbuka jinsi mama yake kule Likoni alivyokuwa akiwaingiza watoto ndani saa saba, jua la utosi, akisema hiyo ni saa ya wenyewe, majini, kupita. Akaziba mdomo kwa kiganja. Hakujibu. Harufu ya udi ikaja ikasimama kwenye kizingiti cha chumba, ikakaa hapo kwa muda wa kutosha mtu kusoma Fatiha saba, kisha ikarudi nyuma.

Alhamisi aliamka mchana akakuta kisanduku kiko wazi kitandani, ubavuni pake, upande wa Mwatime. Bastola ilikuwa juu ya mto. Aliigusa. Ilikuwa na joto, kama simu iliyotoka sasa hivi mfukoni mwa mtu. Akatazama saa ya ukutani, na kabla hajajua aogope nini, mlango wa chumba ukabishwa kwa kucha, kidogo kidogo.

"Hodi, Baba," ikasema sauti ya Amna.

Akashusha miguu chini. Alishafika nusu ya chumba, mkono umenyooka kushika kitasa, ndipo akakumbuka kwamba ni saa saba na Amna yuko shuleni, na kwamba Amna anapopiga hodi hulivuta neno kwa ulimi wa Kimarekani, hodii, na hii haikuwa na ulimi wa Kimarekani. Ilikuwa sauti ya Amna kama Amna angelelewa Mombasa. Faraj alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, na alikaa hapo mpaka saa ya kwenda kazini, bastola mapajani.

Usiku alipotoka kazini, Mwatime alikuwa hajalala. Wakaongea jikoni, bomba la maji wamelifungua ili Amna asisikie.

"Ulijibu?" Mwatime akanong'ona.

"Siku ya kwanza tu."

"Ulisema nini?"

"Karibu."

"Ya Rabi. Saa saba mchana, Baba Amna? Husikii mtu, huoni mtu, unasema karibu?"

"Mdomo ulitangulia. We ungesema nini?"

Mwatime naye angesema karibu. Ni nani kwetu asiyejibu hodi? "Basi hiyo bastola itoke," akasema. "Imekuja Jumatatu, na haya yamekuja Jumanne. Huoni?"

"Na kama si jini? Kama ni mtu, ameshajua saa zetu, ameshajua mpaka sauti ya mtoto?" Faraj akalifungua bomba zaidi. "Leo ndiyo nimejua tunaihitaji. Nitainunua, Mama Amna. Nimeamua."

"Jini hapigwi risasi."

"Lakini mtu hupigwa."

Akalala nayo chini ya mto. Mwatime alilala sebuleni kwa hasira, na pia kwa hofu, ingawa hilo la pili hakulisema.

Ijumaa asubuhi shule ilitangaza kwamba wanafunzi watatoka mapema. Amna alimwandikia mama yake, Mwatime akamwandikia Faraj: mtoto anarudi mchana, mpokee. Ujumbe ukafika kwenye simu iliyokuwa inachajiwa jikoni. Faraj alikuwa chumbani, amekaa kitandani ameuelekea mlango, risasi ziko ndani, na akili yake ilikuwa na jambo moja tu: leo hii sauti ikitumia jina la mwanangu, naifyatulia.

Saa saba.

Kwanza ilikuja harufu, chuma na udi, nzito kuliko siku zote, ikijaa chumbani mpaka akahisi anaivuta kama moshi, kisha sebuleni kiti kikasogezwa, kisha kikombe kikawekwa juu ya sahani, kisha mtu akakohoa kile kikohozi cha adabu cha mgeni aliyechoka kungoja, na Faraj akasimama, akaufungua mlango wa chumba kwa mguu, akatoka ukumbini na bastola mbele yake kwa mikono miwili, jasho likimwingia machoni, na hapo, kule mwisho wa ukumbi, ng'ambo ya mlango mkubwa, sauti ya binti yake ikasema "Hodi, Baba," na papo hapo sikioni mwake, karibu kabisa hata nywele zikasisimka, sauti ya yule mtu mzima ikanong'ona, "Si yeye, huyo, unajua si yeye," na kitasa kikazunguka, na mlango ukafunguka, na jua lote la nje likaingia nyuma ya umbo dogo jeusi lisilo na uso, na Faraj akavuta triga.

Ilikwama.

Akavuta tena, na Mungu atusamehe sote, akavuta mara ya tatu. Triga ilikuwa imelala tu, haina uhai.

Umbo likapiga hatua, likatoka kwenye jua, likawa na begi la shule na viatu vyekundu.

"Baba?" Amna akasema. "Baba, what are you doing?"

Faraj alikaa chini sakafuni. Alilia kwa sauti, kilio cha mwanamume asiyejali nani anasikia, na Amna akasimama mlangoni na begi lake, hajui amkimbilie au amkimbie. Nyuma yake Faraj, sebuleni, mtu akavuta pumzi kwa uchungu, kama aliyekosa goli.

*

Kutoka Irving hadi Stafford ni mwendo wa saa nne. Jumamosi waliondoka baada ya alfajiri, bastola ikiwa ndani ya buti la gari, imefungwa kwa kanga ya Mwatime, risasi zimetolewa. Amna alikaa nyuma na spika zake masikioni. Tangu jana alikuwa amemsemesha baba yake mara tatu tu, na mara zote tatu ilikuwa "I'm fine."

Stafford kulikuwa na Abdulhafidh, Mzanzibari, mfanyabiashara wa vitambaa na manukato. Mbele ya duka aliuza buibui na kofia, na nyuma ya pazia aliwatibu watu waliopelekwa kwake na watu. Alikuwa mzee mnene mwenye miwani mbili, moja machoni nyingine utosini. Alisikiliza yote bila kumkatiza Faraj. Kisha akaifunua kanga, akainusa bastola.

"Huyu hana makuu," akasema. "Huyu ni mwenye adabu, na hao wenye adabu ndio wabaya khasa. Havunji mlango. Hupiga hodi, akajibiwa, akaingia. Akifika sebuleni hupiga tena. Na hana mkono wa kuvutia triga, mwanangu, ndiyo maana akautaka wako."

"Tumfukuze vipi?" Mwatime akauliza.

"Mgeni hafukuzwi. Mgeni huagwa. Mumuage kwa heshima, na hiki chombo chake kitoke naye."

Akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi, akawapa kombe wanywe. Amna alikunja uso. "What is this?"

"Dawa," mama yake akasema. "Kunywa." Akanywa, akarudisha spika masikioni.

Abdulhafidh akawasogelea Faraj na Mwatime, akashusha sauti. "Sasa sikilizeni vyema. Kesho saa saba, saa ile ile aliyoingia. Mwenye bastola aje aichukue kwa mkono wake. Nyinyi mmsindikize mpaka mlangoni, mseme kwaheri, mseme safari njema. Basi. Lile neno letu la kumalizia, la kuwaambia wageni wetu waje siku nyengine, hilo lisitoke mdomoni. Mkilisema, hata mimi msinipigie."

Faraj akaitikia kwa kichwa. Njiani kurudi, Mwatime alimfanyisha mazoezi. "Kwaheri, safari njema." "Kwaheri, safari njema." Mara tatu kati ya kumi ulimi wa Faraj uliteleza ukataka kuendelea, na mara zote tatu Mwatime alimpiga kofi la paja. Ilikuwa karibu kuchekesha. Huyu mtu amefundishwa adabu miaka arobaini, na sasa roho ya mtoto wake inamtaka aisahau kwa dakika moja.

Jumapili Heritier alikuja saa saba kasoro. Hakutaka kukaa. Faraj alipomweleza, aliangalia sakafu.

"Ulikuwa unajua," Faraj akasema.

"Kaka, bunduki iko muzuri. Ile hodi tu ndiyo iko mubaya." Heritier akajifuta jasho. "Kwangu ilikuwa inapiga hodi kila siku, na mi nilinyamaza. Nyanya yangu alinifundisha, kama hauone mutu, usijibu. Nilifikiri we pia unajua."

"Nilikuwa nakoroga chai, Heritier!"

"Nisamehe. Nitaichukua. Leo leo nitaikata na moto, kipande kwa kipande."

Saa ya ukutani ikafika saa saba. Harufu ikaja, chuma na udi, ikatoka sebuleni ikasimama kati yao pale ukumbini, na hakuna aliyesogea. Mwatime alikuwa ameshika mkono wa mumewe kwa kucha. Heritier akakipokea kisanduku, akavuka kizingiti.

"Mgeni wetu," Faraj akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba, "umekuja tukakupokea. Umekaa. Sasa safari yako imefika. Kwaheri. Safari njema. Ka..."

Kucha za Mwatime zikazama.

"...kamilisha safari yako kwa amani," Faraj akamalizia, damu ikimchirizika kwenye kiganja.

Harufu ikapita. Waliisikia ikipita, upepo wa baridi ulioinua pindo la dera la Mwatime na kutoka nje. Heritier akaanza kushuka ngazi. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tano. Hewa ndani ya nyumba ikawa nyepesi, ikanukia tena vitunguu na sabuni. Mwatime akaanza kulia kwa furaha, na Faraj, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, alihisi mabega yake yakishuka. Akanyoosha mkono afunge mlango.

Amna alitoka jikoni na glasi ya maji mkononi. Hakuna aliyemweleza kitu, wala jana nyuma ya pazia, wala leo. Alichoona ni kwamba Uncle Heritier anaondoka, mama analia, baba amesimama mlangoni hajasema neno la maana kwa mgeni. Na tangu Ijumaa alikuwa akitafuta namna ya kumwonyesha baba yake kwamba hajamkasirikia. Akachungulia chini ya mkono wa Faraj, na kwa Kiswahili kizuri, kile ambacho mama yake alimsumbua nacho miaka yote ili asije akawaaibisha mbele za watu, akaita:

"Karibu tena, Uncle!"

Hatua za Heritier zikasimama kwenye ngazi. Kisha wakamsikia akikimbia, akiruka ngazi mbili mbili, mpaka mlango wa gari ukafungwa kwa kishindo.

"What?" Amna akasema, akiwatazama nyuso zao. "Baba? Nimekosea?"

"Hujakosea, mwanangu," akajibu mwanamume mtu mzima, taratibu, kutoka chumbani kwa Amna. "Ahsante. Nishakaribia."